Maswali Yenu ya Kriketi: Mrushaji wa Kasi Anaishije?

Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma mjini, Chamwino, Kongwa na Manyoni, na karibu zote zinamhusu mtu mmoja: mrushaji wa mpira wa kasi ambaye si nyota, anacheza chini ya ngazi ya juu, na anataka kudumu mchezoni. Mtu huyo tunamthamini sana, kwa hiyo tumempa safu nzima.

Shikamooni walimu. Nina miaka 18, narusha mpira wa kasi. Nasikia Uingereza kuna kaunti ndogo ambazo warushaji wake wanacheza miaka kumi na zaidi bila kuonekana kwenye televisheni. Kaunti hizo ni nini, na mtu anaishije kwa kazi hiyo? – Msomaji, Kikuyu, Dodoma

Marahaba, kijana wetu. Uingereza ina kaunti 18 zenye hadhi ya daraja la kwanza, na hizo ndizo zinazoajiri wachezaji kwa mshahara. Chini yake zipo timu 20 nyingine, Wales ikiwamo, zenye ubingwa wao tangu 1895. Mwaka ule wa kwanza taji liligawanywa kwa Norfolk, Durham na Worcestershire. Kwa zaidi ya karne moja ziliitwa Kaunti Ndogo, na tangu 2020 zinaitwa Kaunti za Taifa.

Usidhani ni kama soka letu, kwamba ukiongoza msimamo unapanda. Kaunti hupandishwa kwa uamuzi wa viongozi wa mchezo, baada ya kutazama uwanja, fedha na uwezo wake, na hutokea mara chache mno: Worcestershire mwaka 1899, Northamptonshire 1905, Glamorgan 1921, halafu hakuna tena mpaka Durham 1992. Kwa hiyo mrushaji wa Norfolk au Bedfordshire hachezi akisubiri timu ipande. Anachezea kaunti yake, basi.

Msimu unaanza Aprili na kuisha Septemba. Jumamosi anacheza ligi na klabu yake, na huko ndiko anakoonekana na wateuzi. Mechi ndefu ya kaunti ni ya siku tatu, kwa kawaida Jumapili hadi Jumanne, na kila timu hupiga mara mbili. Juu yake kuna mashindano ya ova 50 na ya ova 20 (ova moja ni mipira sita). Hesabu mwenyewe: mtu aliyerusha ova 12 Jumamosi anaamka Jumapili kurusha nyingine 15, na Jumanne anaitwa tena kumaliza mechi kwa miguu iliyochoka. Malipo ni gharama za safari, malazi na posho. Ndiyo maana utakuta mrushaji wa mpira mpya ni mwalimu, fundi umeme au mkulima. Vitu viwili ndivyo vinavyowatoa wengi mapema, na kasi haimo: ruhusa ya kazini Jumatatu na Jumanne, na mgongo.

Ngazi hiyo isidharauliwe. Sydney Barnes, ambaye wajuzi wengi wanamweka miongoni mwa warushaji bora wa zama zote, alicheza miaka mingi zaidi Staffordshire, kaunti ndogo, kuliko alivyocheza daraja la kwanza la kaunti. Aliichezea Uingereza mechi 27 za Test, yaani mechi ndefu za kimataifa, kati ya 1901 na 1914 na kuchukua wiketi 189 (kuwatoa wapigaji 189), kila moja kwa wastani wa mikimbio 16.43 (pointi alizowaachia wapigaji). Staffordshire alichukua wiketi 1,441 kwa wastani wa 8.15. Alichagua hivyo kwa hesabu: klabu za ligi zilimlipa vizuri kwa mchezo wa Jumamosi, na katikati ya wiki alikuwa na kazi ya karani. Mwaka 1973 nao, Durham ikiwa bado kaunti ndogo iliifunga Yorkshire katika Kombe la Gillette, mara ya kwanza kwa kaunti ndogo kuiangusha ya daraja la kwanza.

Kwako wewe, anza na kazi ya mkono au cheti kitakachokuachia siku mbili za wiki. Kisha jipime mambo ambayo mteuzi anayapima. Tandika gunia la upana wa nusu mita na urefu wa mita mbili, katikati yake ikiwa mita 6 hadi 7 kutoka wiketi ya mpigaji (nguzo tatu zilizo nyuma yake), nje kidogo ya nguzo ya upande wa fimbo yake. Rusha mipira 24 kwa kasi yako kamili. Ukigonga gunia mara 8, wewe bado una kasi tu. Ukifika 14 au 15, una kitu cha kuonyesha. Mashindano makubwa ya nchini yanachezwa Dar es Salaam, na tangu SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024, kwenda majaribio na kurudi hakuhitaji tena kulala njiani. Njia ya vijana wa Kitanzania nayo imefunguka: timu yetu ya chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza.

Mwanangu ana miaka 14, anarusha kwa mkono wa kulia. Anafanya mazoezi kila siku baada ya shule. Sasa analalamika mgongo chini, upande wa kushoto. Namchua kwa dawa, anapata nafuu siku mbili, akirusha maumivu yanarudi. Nifanye nini? – Mama, Miyuji

Mama, pole, na umefanya vyema kuandika mapema. Mpumzishe kurusha kuanzia leo. Kuchua kunatuliza msuli, lakini maumivu ya kijana anayerusha kwa mkono wa kulia yakikaa kushoto chini ya mgongo, yahesabiwe kuwa ya mfupa mpaka daktari aseme vinginevyo. Mguu wa mbele unapotua, ardhi inaurudishia mwili nguvu ya mara tano hadi saba ya uzito wake, na wakati huohuo mgongo umepinda kando na kujizungusha. Pingili za chini za kijana wa miaka 14 hazijakomaa. Zinaanza ufa mwembamba upande ulio kinyume na mkono unaorusha.

Mwambie asimame kwa mguu mmoja, wa kushoto, kisha ajipinde nyuma polepole. Akishtuka kwa maumivu palepale, mpeleke hospitali kubwa na umweleze daktari kwamba mtoto anarusha mpira wa kriketi, maana bila kujua hilo anaweza kutibu msuli. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa mchanga, MRI huonyesha. Ukithibitika, ni miezi mitatu hadi sita au zaidi bila kurusha, na akizingatia, wengi hupona kabisa. Anayerudi kwa sababu "hasikii tena" ndiye anayefanya ufa uwe mvunjiko. Na kama ana homa za jioni, jasho la usiku, au ganzi miguuni, usingoje: mpeleke siku hiyohiyo. Mikoa yetu ya wafugaji ina brusela inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, na TB ya mgongo ipo. Zote mbili zinaweza kuleta maumivu hayohayo ya mgongo.

Akipona, hesabu ndiyo itakayomlinda. Mwongozo uliotumika Uingereza kwa miaka mingi unasema mwenye miaka 14 au 15 asirushe zaidi ya ova 6 mfululizo wala ova 12 kwa siku ya mechi, na mazoezini mara mbili kwa wiki, mipira 36 kila mara. Akimaliza ova zake 6 apumzike angalau kwa muda wa ova nyingine 6 kutoka upande huohuo. Asirushe siku tatu mfululizo. Mipira ya mazoezini inahesabika pia, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapokosea: mtoto anarusha ova 8 za mechi Jumamosi, watu wanasema ni chache, kumbe tangu Jumatatu amesharusha mipira 300 uani.

Mrekodi kwa simu, mara moja kutoka nyuma na mara moja kutoka pembeni. Tazama mguu wa nyuma unapotua. Ukielekea kwa mpigaji, basi nyonga na mabega navyo vielekee mbele. Ukilala sambamba na mstari, nyonga na mabega vikae upande. Hatari ni mchanganyiko: nyonga zimeelekea mbele huku mabega yakijizungusha kurudi nyuma. Yakirudi zaidi ya nyuzi 30 kabla mguu wa mbele haujatua, mgongo unakamuliwa kila mpira. Rekebisha mguu wa nyuma kwanza, mabega yatafuata. Viatu pia uviangalie: vya soka vyenye soli nyembamba havimfai. Vya kukimbilia vya mtumba vinafaa, ila bonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kikizama na kisirudi, kimekufa.

Tuna kiwanja cha shule, udongo mwekundu, mgumu kama jiwe wakati wa kiangazi. Tunataka kujenga pichi ya zege, yaani ule ukanda wa katikati ambako mpira unarushwa. Vipimo gani, na warushaji wasije wakavunjika miguu? – Mwalimu wa michezo, Kongwa

Mwalimu, urefu kamili wa pichi ni mita 20.12 kutoka wiketi hadi wiketi, na upana mita 3.05. Sheria inaruhusu pichi isiyo ya nyasi iwe fupi na nyembamba zaidi: urefu usiopungua mita 17.68 na upana usiopungua mita 1.83. Hiyo 17.68 ni nafasi kati ya mistari miwili ya mbele, kwa sababu kila mstari uko mita 1.22 mbele ya wiketi yake.

Na hapo ndipo shida inapoanza kwa mrushaji. Ukijenga kwa kipimo hicho cha chini kabisa, zege linaishia pale hasa mguu wa mbele unapotua. Nusu ya kiatu iko juu ya zege, nusu kwenye udongo uliochimbika, na kifundo kinageuka. Kama fedha zinatosha, jenga mita 25 ili kila ncha ipite wiketi na mguu utue juu ya zege tupu. Kama hazitoshi, jenga 17.68, lakini sehemu za kutua mzijaze moramu, mzimwagilie, mzishindilie mpaka zilingane na ukingo wa zege, na mzikague kila baada ya mechi. Shimo la sentimita mbili linatosha kumtoa mtu msimu mzima.

Kwa zege la unene wa sentimita 10 na kipimo kifupi unahitaji karibu mita za ujazo 3.25. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, weka hesabu ya mifuko 22 ya kilo 50. Kabla ya hapo toa udongo wa juu sentimita 15 na urudishie moramu iliyoshindiliwa. Kama chini kuna udongo mweusi wa mbuga, utoe wote, maana unavimba masika na kupasuka kiangazi, na zege litapasuka nao. Acha nafasi nyembamba ya kiungo kila mita tatu. Fundi atumie pima maji kila hatua, maana kibonde kidogo kitarusha mpira usoni mwa mtoto. Halafu kosa la Dodoma: jua na upepo vinakausha zege kabla halijashika. Lifunike magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, na msicheze kabla ya siku 28.

Juu tandika mkeka wa usumba au wa plastiki wenye nyuzi, uvutwe hadi ukaze. Mkeka uliolegea unaua mpira na kukunjika chini ya mguu. Ukikazwa vyema, mshono wa mpira unaushika na mpira unageuka kwa kasi. Barnes alichukua wiketi 49 katika mechi nne tu Afrika Kusini, msimu wa 1913–14, kwenye mikeka, akiwa na umri wa miaka 40. Mipira: wakubwa wanatumia ya gramu 156 hadi 163, wanawake 140 hadi 151, watoto chini ya miaka 13 wanatumia 133 hadi 144. Mtoto akipewa mpira wa wakubwa anaanza kuutupa kwa kiwiko, na tabia hiyo haitoki kirahisi. Njia ya kukimbilia iwe mita 20 kila upande, na ing'olewe mbigili kwa mizizi.

Mbona mpira haupindi hewani hapa Dodoma? Mwenzangu wa Dar anaupindisha bila shida. – Mwanafunzi, UDOM

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya pwani. Mpira unapinda kwa sababu mshono ulioinamishwa unafanya hewa iachane na upande mmoja mapema na upande wa pili kwa kuchelewa. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu ya kuusukuma inapungua. Lakini hiyo si sababu ya kutosha. Mara nyingi mpira unayumba mshono. Paka alama ya rangi kwenye mshono wa mpira wa mazoezi, rusha, mwenzako arekodi kutoka nyuma. Mshono ukitikisika, tatizo ni kifundo cha mkono kinacholala pembeni mwishoni, au kidole gumba kilichokaa pembeni badala ya chini ya mpira. Vidole viwili vya juu vitoke vya mwisho, vikishuka nyuma ya mpira.

Faida ya Dodoma ni uwanja mkavu unaokwaruza. Mpira unachakaa mapema, na hapo jifunze upindaji wa kinyume, yaani mpira uliochakaa kupinda kuelekea upande unaong'aa: upande mmoja umeng'arishwa, mwingine umeachwa ukwaruzike na ubaki mkavu kabisa. Unahitaji kasi, asiyefika karibu kilomita 130 kwa saa ataupata kwa mpira uliochakaa sana tu. Timu nzima ishirikiane, kwa sababu mchezaji mmoja mwenye viganja vya jasho akishika upande mkavu amewaharibia kazi. Kung'arisha kwa jasho kunaruhusiwa. Mate yamekatazwa na sheria tangu Oktoba 2022, na mafuta ya nazi, pipi, kucha au kizibo cha soda ni udanganyifu wa kuadhibiwa.

Kama kasi yako ni ya wastani, jifunze kukata mpira. Kwa mkono wa kulia, buruta kidole cha shahada kushuka upande wa kulia wa mshono, mpira utaingia kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Buruta kidole cha kati upande wa kushoto, utamkimbia. Kwenye mkeka na pichi kavu, silaha hii inazidi kupinda hewani.

Nazidisha mstari kila mechi, yaani mguu wangu wa mbele unauvuka mstari wa kurushia, ingawa mazoezini niko sawa. – Chamwino

Ni upepo, kwa sehemu kubwa. Kiangazi upepo wa mchana huku kwetu ukikupiga mgongoni unarefusha kila hatua, na hatua 14 zinakusogeza mbele hata nusu mita. Pima njia yako hivi: simama kwenye mstari ukiwa umeipa wiketi mgongo, kimbia kwa mwendo wako wa kweli, mwenzako aweke alama mahali unaporusha. Rudia mara sita, chukua katikati, pima kwa futi kamba na uandike. Kabla ya kila mechi jaribu mara mbili kutoka upande utakaorushia. Upepo ukiwa nyuma, sogeza alama nyuma sentimita 30 hadi 50. Ukikukabili, isogeze mbele. Na mazoezini mwenzako ayataje makosa yako kwa sauti. Wengi wanazidisha mazoezini pia, ila hakuna anayetazama.

Wakala ameniahidi klabu Uingereza, mshahara na viza, nimtumie fedha kwanza. – Manyoni

Usitume. Viza ya kutembelea hairuhusu kulipwa kwa kazi, na viza ya mwanamichezo wa kulipwa inahitaji uthibitisho wa chombo kinachosimamia mchezo huko. Mwambie akupe jina la klabu, ligi yake na mtu wa kuwasiliana naye, kisha iandikie klabu mwenyewe kwa anwani uliyoitafuta wewe, si aliyokupa yeye. Muulize pia Chama cha Kriketi Tanzania kama wanalifahamu suala hilo. Klabu inayokutaka kweli itauliza takwimu zako: ova, mikimbio, wiketi, na ulicheza dhidi ya nani. Ambaye hajakuuliza hata hayo hatafuti mrushaji.

Nina miaka 33, mtumishi wa serikali. Kasi imepungua. Niache? – Msomaji, Mtumba

Ndugu, umri wako si wa kuacha. Barnes alipoichezea Staffordshire kwa mara ya mwisho mwaka 1935 alikuwa na miaka 62. Lakini usiendelee kurusha kama uliye na miaka 22. Fupisha mbio zako kutoka hatua 18 hadi 12, zikiongezeka kasi taratibu, na usibadili kitu kingine kwa mwezi mzima, mpaka mwili uzoee. Chukua ova 4 mwanzoni wakati mpira una mshono, rudi baadaye na mipira ya kukata. Ofisini unakaa saa nane, na nyonga zilizokaza ndizo zinazoiba kasi ya watu wa umri wako: piga goti moja chini, sukuma nyonga mbele, sekunde 30 kila upande, mara tatu, asubuhi na jioni. Mara mbili kwa wiki inua visigino kwa mguu mmoja, mara 15, seti tatu, na ulale ubavu ukijiinua kwa kiwiko sekunde 40 kila upande.

Ukipumzika zaidi ya wiki tatu, kwa safari ya kazi au mfungo, usirudi moja kwa moja kwenye mechi. Wiki ya kwanza mipira 24 mara mbili kwa nguvu ya nusu, wiki ya pili 36 mara mbili, wiki ya tatu kasi kamili. Jumamosi ya wiki ya nne mwombe nahodha akupe ova tatu tatu.